Tofali Ngapi kwa Mfuko Mmoja?

Ukiuvua vazi lake la siasa, ugomvi wa makinikia wa mwaka 2017 ulikuwa ugomvi wa kuzidisha. Makontena yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam yalikuwa 277, na idadi hiyo haikuwa na mjadala. Kila moja lilibeba takriban tani 20 za mchanga wa madini, na hilo nalo halikuleta maneno. Kilichozua zogo ni namba ya tatu: gramu za dhahabu zilizomo katika kila tani. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyokabidhi taarifa yake Ikulu tarehe 24 Mei, ilipata wastani wa gramu 1,400. Nyaraka za usafirishaji zilitaja gramu 200 hivi. Zidisha mwenyewe. Kwa namba ya kamati, makontena yale yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu. Kwa namba ya nyaraka, zaidi kidogo ya tani 1. Kampuni ya Acacia iliikataa hesabu ya kamati, mazungumzo yakafuata, na mwaka 2020 Barrick, ambayo tayari ilikuwa imeinunua Acacia, ikatiliana saini na serikali makubaliano ya kampuni ya ubia ya Twiga, yenye hisa za taifa asilimia 16. Kwa miezi kadhaa watu ambao hawajawahi kuigusa mbale ya dhahabu walibishana vijiweni kuhusu gramu kwa tani. Sijui nchi nyingine ambako kizidisho kimepata umaarufu wa namna hiyo.

Naanza na makontena kwa sababu hesabu za namna hii zote huenda hivyo hivyo. Ukisoma kwamba nchi fulani ilitoa ardhini tani milioni kadhaa za mbale na tani milioni kadhaa za mchanga na kokoto, unaweza kudhani kuna mahali mizani ilisimama na mawe yale yakapita juu yake. Ni mara chache. Kinachopimwa ni kitu kidogo kilicho rahisi kukamata: mkuo wa dhahabu unaopita mbele ya afisa madini, mfuko wa saruji unaotoka kiwandani. Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa, hupatikana kwa kuzidisha. Nitakachojaribu kuonyesha ni kwamba tumekuwa wakali kwa vitu vinavyopimwa na wapole mno kwa vizidisho, na kwamba kizidisho tulichokiachia kipite bila kukaguliwa kuliko vyote hakipo Geita wala Kahama. Kipo kwenye uwanja wa kufyatulia tofali.

Wazo la kuhesabu uchumi kwa uzito badala ya fedha si jipya. Mwaka 1969 Robert Ayres na Allen Kneese, wote wa Marekani, walihoji kwamba kila kinachoingia katika uchumi lazima kitokee mahali pengine, ama kama jengo, ama kama taka, ama kama moshi. Maada haipotei, kwa hiyo inahesabika. Katika miaka ya 1990 Austria, Japani na Ujerumani zikaanza kutunga hesabu za taifa kwa msingi huo, Ofisi ya Takwimu ya Umoja wa Ulaya ikaandika mwongozo, na leo Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lina kanzidata ya dunia nzima. Kila kitolewacho huwekwa katika rundo moja kati ya manne: mazao na mimea; mafuta, gesi na makaa ya mawe; mbale za metali; na madini yasiyo ya metali, ambayo kwa wingi wake ni mchanga, kokoto, mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi. Kwa hesabu za shirika hilo, marundo yote kwa pamoja yamekua kutoka tani bilioni 30 hivi mwaka 1970 hadi zaidi ya bilioni 100 miaka hii, na karibu nusu ni rundo la mwisho. Kwa nchi nyingi za Afrika namba zilizomo katika kanzidata hiyo hazikutoka kwa mpimaji, zilitoka kwenye fomula.

Tuanze na metali, maana hapo fomula ni fupi. Kanuni inataka uhesabiwe uzito wa mbale, yaani mwamba wote unaopelekwa kwenye mtambo wa kuchenjulia, wala si dhahabu peke yake. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, hutoa wakia nusu milioni hivi kwa mwaka. Hiyo ni tani 15.5 za dhahabu, mzigo ambao lori mbili zingeumudu. Ukichukua kwamba mwamba wake una gramu 3 kwa tani na kwamba mtambo unakamata sehemu tisa katika kumi, utapata mbale tani milioni 5.7. Weka gramu 1.5 badala ya 3, na mwamba unakuwa mara mbili bila dhahabu kuongezeka hata chembe. Weka gramu 10, kiwango ambacho migodi tajiri ya chini ya ardhi hukifikia, na unashuka chini ya tani milioni 2. Dhahabu ni ile ile. Mlima umetanuka na kunywea kwenye karatasi.

Mtu atasema basi tutumie wastani wa dunia na yaishe. Mfano wa kumjibu uko Katanga. Mgodi wa Kamoa-Kakula, jirani na Kolwezi, ulitoa mwaka 2023 karibu tani 394,000 za shaba. Mbale yake ina shaba zaidi ya asilimia 5, na ili kuipata shaba hiyo ilibidi kusagwa tani milioni 8 na nusu hivi za mwamba. Wastani wa migodi mikubwa ya dunia, ile ya Chile hasa, ni kama asilimia 0.6. Mtakwimu aliyekaa mbali, mwenye namba ya shaba tu na jedwali la wastani, atagawanya na kuipa Kongo tani milioni 65 na zaidi, ambazo nyingi hakuna mtu aliyezichimba. Kosa hilo haliwezi kumezwa na neno “takriban”. Linageuza sura ya nchi nzima, na katika chati ya kimataifa litaonekana kama uharibifu mkubwa wa ardhi mahali ambapo mwamba ni tajiri na shimo ni dogo.

Kuna mtego mwingine, na wenyewe unanasa hata wataalamu. Mwamba wa Bulyanhulu una dhahabu, shaba na fedha kwa pamoja. Makinikia yenyewe yalitokana na hali hiyo. Anayekadiria mbale ya dhahabu kutoka kwenye dhahabu, kisha mbale ya shaba kutoka kwenye shaba, kisha akajumlisha, amechimba jiwe moja mara mbili. Lazima mwamba ugawanywe baina ya metali zake kwa kanuni fulani, ya thamani au ya uzito, na kanuni ipi itumike ni uamuzi wa mtu. Halafu kuna mpaka wa kinachohesabika. Kifusi kinachoondolewa ili kuifikia mbale hakiingii katika rundo kuu, kwa hoja kwamba hakikutumika. Kwenye kitabu mpaka huo umenyooka. Geita haukunyooka, kwa sababu kifusi cha pale kina jina, magwangala, na kina wanaokitaka: wachimbaji wadogo waliokuwa na hakika kwamba mgodi mkubwa unatupa mawe yenye chochote ndani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, akiwa Geita, aliagiza magwangala yatolewe kwa wananchi. Siku jiwe la magwangala linapoingizwa kwenye karasha, linahama kutoka safu ya visivyotumika kwenda safu ya vilivyotumika, ingawa lilitoka ardhini miaka mingi nyuma. Marudio yana kinyume chake. Ni mchanga uliokwisha kupita mwaloni na kuoshwa, unauzwa kwa mwenye mtambo wa sayanaidi, naye anatoa dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Dhahabu hiyo ni mpya sokoni, lakini mwamba wake ulishahesabiwa. Kigawanyo kikipitishwa juu yake bila kuuliza, jiwe linazaliwa mara ya pili.

Wachimbaji wadogo ndio wanaotuonyesha pia kwamba namba inaweza kupanda bila sururu kuongezeka. Hadi mwaka 2019 dhahabu yao nyingi ilipita mikononi mwa wanunuzi wasioandikwa popote. Mwezi Machi mwaka huo soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, mengine yakafuata mikoani, baadhi ya kodi zilizowakimbiza wauzaji zikaondolewa, na dhahabu iliyosajiliwa ikaongezeka. Anayesoma jedwali miaka ishirini baadaye ataona mlipuko wa uchimbaji. Uchimbaji wenyewe ulikuwepo; kilichobadilika ni mlango wa kutokea. Na hata baada ya dhahabu kujulikana, mbale ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, haijulikani, kwa kuwa hupelekwa karashani kwa viroba, hubaguliwa kwa macho kabla ya kusagwa, na hupoteza zebakini sehemu kubwa ya kilichomo. Nikichukua tani 50 za dhahabu kwa mwaka kwa nchi nzima, kiasi kilicho karibu na uzalishaji wa miaka ya karibuni, na kuruhusu kinachopatikana kwa kila tani ya mwamba kiwe kati ya gramu 2 na 4, nafikia mbale kati ya tani milioni 12.5 na milioni 25. Pengo ni kubwa. Lakini angalau tunajua liko wapi, na kila mgodi mkubwa una maabara inayopima gramu zake kila siku, hivyo anayetaka kulipunguza anajua mlango wa kubisha.

Mchanga hauna maabara. Hauna hata lango. Unachotwa mtoni Mpiji, unachimbwa kwenye viwanja vya watu pembezoni mwa jiji, unapakiwa kwa koleo alfajiri na kuuzwa kwa tripu. Kokoto za Lugoba hutoka kwenye mitambo yenye leseni, ila za Kunduchi nyingine zimevunjwa kwa nyundo na akina mama waliokaa juani, na kipimo chake ni ndoo. Dunia nzima hali ni hiyo hiyo kwa viwango tofauti: tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka, kiasi ambacho Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa hukitaja, hakikupimwa kwa mizani. Kimekadiriwa kwa kuegemea saruji. Saruji inatoka viwandani, viwanda ni vichache, vinalipa kodi, na takwimu zake zinaaminika. Kila saruji inapotumika, mchanga na kokoto vipo. Kwa hiyo unachukua tani za saruji, unazidisha. Mwongozo wa Ulaya unatoa kizidisho kwa desimali mbili, 6.09.

Namba hiyo haikutoka hewani. Fundi yeyote anaijua bila kuijua. Zege la moja-mbili-nne, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, ukilihesabu kwa uzito linakupa zaidi kidogo ya tani 6 za mchanga na kokoto kwa kila tani ya saruji. Ulaya, ambako saruji nyingi huishia kwenye zege, 6.09 inakaa vizuri. Tatizo ni kwamba hesabu imesafiri na fundi hakusafiri nayo.

Tazama uwanja wa tofali ulio pembeni mwa barabara yoyote inayotoka mjini, Mbagala au Kibaha, Nyegezi au Uyole. Kuna lundo la mchanga, pipa la maji, mashine ya kufyatulia au kalibu ya mbao, na mifuko michache ya saruji imepangwa juu ya mbao isinyonye unyevu. Mnunuzi mwenye akili haanzi na bei. Anauliza: mnafyatua ngapi kwa mfuko? Tofali la inchi tano lisilo na tundu, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lina uzito wa kilo 25 hivi. Kwa uwiano wa kipimo kimoja cha saruji kwa vinane vya mchanga, mfuko wa kilo 50 hautoi zaidi ya tofali 19 au 20. Mtaani 30 ni jambo la kawaida, na wapo wanaofika 40, tofali ambazo ukiziangusha toka kiunoni zinarudi kuwa mchanga. Chukua hizo 30. Kilo 750 za tofali, toa kilo 50 za saruji, unabaki na kilo 700 za mchanga, karibu toroli nane. Uwiano si 6 kwa 1, ni 14 kwa 1. Kwa tofali 40 ni 19 kwa 1. Hata fundi mwaminifu wa moja kwa nane anavuka 8. Kuna kichekesho hapa: anayeiba saruji anaongeza mchanga wa taifa, na nchi yenye tofali dhaifu inachimba mito yake zaidi kwa kila mfuko unaoandikwa kiwandani.

Sasa tuzidishe. Tuseme nchi inatumia tani milioni 7 za saruji kwa mwaka. Kwa kizidisho cha Ulaya, mchanga na kokoto ni tani milioni 42.6. Nikisema nusu ya saruji hiyo inafyatua tofali kwa 14 na nusu inabaki kwenye zege kwa 6.09, ninapata tani milioni 70, ongezeko la milioni 27 na ushee, kiasi kinachopita mbale yote ya dhahabu hata kwa makadirio ya juu. Hiyo ingekuwa hoja tamu kuimalizia hapo, lakini haisimami. Nusu ya tani milioni 7 ni mifuko milioni 70. Kwa tofali 30 kwa mfuko, ni tofali bilioni 2.1. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inakula tofali 2,500 hivi, kwa hiyo tumejenga nyumba 840,000 kwa mwaka mmoja. Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 44.9 katika kaya zenye wastani wa watu 4.7, na ya 2022 ikakuta milioni 61.7 katika kaya za watu 4.3, ukigawanya, kaya zilizoongezeka ni kama 480,000 kwa mwaka, na si kila kaya inajenga kwa tofali za saruji. Ongeza uzio, fremu za maduka, madarasa, misikiti na makanisa, bado 840,000 ni nyingi mno. Theluthi ya saruji inatoa nyumba 560,000, robo inatoa 420,000. Nadhani ukweli umelala baina ya hizo mbili, na hapo ongezeko juu ya hesabu ya Ulaya ni kati ya tani milioni 14 na 18. Kwa maneno mengine, kubadili kizidisho kimoja, katika bidhaa moja, kunaongeza mlima ulio na ukubwa wa mbale yote ya dhahabu ya nchi. Kwa gramu za makontena 277 tuliunda kamati. Kwa 6.09 hakuna aliyeuliza swali.

Barabara nazo zina hadithi inayofanana na hiyo. Lami inaagizwa nje, forodha inaiandika, na mwongozo unashauri kila tani ya lami ihesabiwe na tani 20 hivi za kokoto. Kwa barabara ya lami nzito ni sawa. Ila barabara nyingi za mikoani zina tabaka jembamba la lami na kokoto ndogo juu ya tabaka nene la changarawe na mawe, hivyo lami ya forodhani inasema machache kuhusu kilichoko chini yake. Na barabara ya moramu haina lami kabisa, lakini inakula kila mwaka. Magari huisaga kuwa vumbi, mvua huipeleka mtaroni. Ikipoteza unene wa milimita 20 tu kwa mwaka, upana ukiwa mita 6, ni mita za ujazo 120 kwa kila kilomita, tani 240 hivi. Kila kilomita 1,000 za namna hiyo zinadai robo milioni ya tani kwa mwaka ili zibaki zilivyokuwa, na mtandao wa barabara za wilaya una makumi ya maelfu ya kilomita zisizo na lami. Hakuna mfuko wa saruji unaoweza kuliona vumbi hilo.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu, ni kwamba uzito hauna maana. Kilo ya mbale ya dhahabu na kilo ya mchanga wa Mpiji haziuzwi bei moja, hazichafui kwa namna moja, na kuzijumlisha ni sawa na kujumlisha mbuzi na viti. Mgodi wa Mwadui hupembua mamilioni ya tani za mwamba kupata, katika mwaka mzuri, karati laki tatu au nne za almasi, ambazo ni kilo 60 hadi 80. Uzito upi hapo ni wa kweli? Nakubali kwamba jumla moja ya taifa, kama ile inayodaiwa na malengo ya maendeleo endelevu, ni namba isiyo na adabu. Ila pingamizi hilo linaua jumla, haliui marundo. Mtu anayetaka kujua mto utahimili miaka mingapi, lori ngapi zitapita kwenye daraja, shimo litajaa wapi, hana haja na shilingi. Ana haja na tani na mita za ujazo. Mchanga ni wa bei rahisi hadi siku unapokwisha mahali fulani, na kwa kuwa hausafirishwi mbali kwa faida, kwisha kwake ni kwa mahali, si kwa taifa. Zanzibar ilifika huko mapema kwa sababu ni visiwa: serikali iliingia yenyewe kusimamia uchimbaji na uuzaji wa mchanga, kwa vile mabonde yaliyobaki yangeweza kuhesabika kwa vidole.

Wengine husema hakuna haja ya kukadiria, kwa kuwa madini ya ujenzi yana leseni na mrabaha wa asilimia 3, basi tujumlishe stakabadhi. Stakabadhi ni ushahidi wa kilicholipiwa. Mchimbaji mwenye lori moja ana kila sababu ya kutaja tripu tano akibeba tisa, na asiye na leseni hataji kitu. Kaunti ya Makueni nchini Kenya, iliyopitisha sheria yake ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, ilifanya hivyo baada ya mito kukauka na watu kuumizana. Nayo pia, kama yeyote mwenye geti, inaona kinachopita getini. Stakabadhi zina kazi moja muhimu katika hesabu hii: zinatoa sakafu. Makadirio ya saruji yakianguka chini ya stakabadhi, fomula imekosea. Yakiwa juu yake mara tatu au nne, hakuna wa kushangaa.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi, maana linageuza hoja yangu dhidi yangu. Ukisema kizidisho cha Ulaya hakitufai, kwa nini saruji yenyewe itufae? Vijiji vya Mbeya, Iringa na Ruvuma vimejengwa kwa tofali za kuchoma, udongo uliochimbwa hatua chache toka tanuru, na kuunganishwa kwa tope; nyumba nyingi za miti na udongo hazijui saruji hata sakafuni. Kweli kabisa. Kwa hizo saruji ni kipofu, na lazima kuingia kwa mlango mwingine: sensa zote mbili zimeuliza kuta ni za nini, na ile ya 2022 ilihesabu hata majengo yenyewe, zaidi ya milioni 14. Aina ya ukuta, ukubwa wa nyumba, uzito wa ukuta, umri wa jengo; zidisha tena. Ni vizidisho vingine vinne, kila kimoja na aibu yake. Sioni njia ya kuvikwepa. Ninachodai ni kwamba vizidisho hivyo vipimwe kwetu, maana kupima kizidisho ni rahisi kuliko kupima mchanga. Kuhesabu kila tripu ya nchi kungehitaji jeshi. Kujua tofali ngapi hutoka katika mfuko kunahitaji watu wawili, pikipiki, mizani ya kilo 50 na viwanja mia mbili vya tofali vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu mjini na vijijini, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huendesha tafiti kubwa kuliko hiyo kila mwaka.

Kazi hiyo ina ugumu wake mmoja ambao haumo kwenye fomula yoyote kati ya hizi. Mchanga uliolowa kidogo huvimba, kwa kuwa maji huzitenganisha chembe, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo nzima. Toroli la masika lina chembe chache kuliko toroli la kiangazi, lakini lina maji, na maji yana uzito. Tofali nalo likipimwa siku ya kufyatuliwa si lile litakalopimwa baada ya wiki mbili za jua. Kwa hiyo wapimaji wawili wale, pamoja na mizani, itabidi wabebe jiko na sufuria: kilo moja ya mchanga toka kwenye lundo ikaangwe hadi ikauke, ipimwe tena, na tofauti iandikwe pembeni pamoja na jina la mwezi.